Hapa Palikuwa na Nini Kabla?

Kikundi chetu cha kuzikana hapa Tukuyu kina watu 31. Tumezikiana kwa miaka mingi sasa. Msiba ukitokea tunachanga, tunabeba sufuria na turubai, tunalala matanga, tunarudi makwetu. Mwaka jana tulipofunga hesabu tukakuta akiba imebaki, na mama mmoja akasimama akasema tumezoea kukutana huku tunalia. Safari hii twende mahali tukiwa wazima wote. Wapo waliotaka kwenda Matema kupunga upepo ziwani. Wapo waliotaka Dar es Salaam. Mimi ni katibu, nikaleta wazo la tatu: tuzunguke Nyanda za Juu Kusini tuone ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, makanisa ya kale ya wamisionari, na mahali walipozikwa mashujaa wa Majimaji kule Songea. Wazo likapita, na kazi ya kupanga safari ikawa yangu.

Kwenye orodha ya kwanza niliandika pia msitu wa Lubaga, mahali patakatifu pa kale pa sisi Wanyakyusa, alipokaa Lwembe, mtu mtakatifu wa mvua na rutuba. Aliyeuomba ni mzee wetu, mwalimu mstaafu ambaye kikundi kizima tunamwita Tata. Nilipowasomea wenzangu ratiba, nikaona nyuso za baadhi ya akina mama wa kanisani zimebadilika. Mmoja akasema wazi kwamba yeye hatoi mchango wake akapelekwe kwenye matambiko. Sikutaka mgogoro. Nilifuta Lubaga kwa mstari mmoja na sikumpigia simu Tata kumweleza. Aliikuta imefutwa siku tunaondoka, akiwa ameshakaa kwenye kiti chake ndani ya Kosta. Aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akanyamaza. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angefoka, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Tuliondoka watu 26. Kituo cha kwanza kilikuwa Rungwe misheni, karibu tu, chini ya mlima. Wamoravian wa Ujerumani walifika hapo mwaka 1891, kundi dogo likiongozwa na Theodor Meyer, wakitokea upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka huohuo wamisionari wa Berlin, na Alexander Merensky akiwa kiongozi wao, walianza kazi yao upande wa pili wa Unyakyusa. Zaidi ya nusu ya kikundi chetu ni Wamoravian, kwa hiyo palikuwa kama nyumbani. Wakaimba, wakapiga picha. Mama mmoja akawafafanulia Waislamu wetu wawili maana ya mwanakondoo mwenye bendera na yale maneno ya kanisa lao, kwamba mwanakondoo ameshinda, tumfuate.

Mwenyeji aliyetupokea alieleza vizuri, miaka na majina. Alipouliza kama kuna swali, Tata akavua kofia. "Mwanangu, umetueleza vizuri kilichojengwa. Hapa palikuwa na nini kabla?"

Yule kijana akafikiri. Akasema palikuwa na watu. "Watu gani? Walikuwa wanaomba wapi?" Hakuwa na jibu, na alikiri kwa heshima kabisa. Tata akamshukuru, "Ndaga, mwanangu," akavaa kofia yake. Ndani ya gari nikamsikia anamwambia aliyekaa naye kwamba wale wazungu hawakukuta watu wasiomjua Mungu. Walikuta watu wenye jina la Mungu, Kyala, na jina hilohilo ndilo wakaliandika kwenye Biblia ya Kinyakyusa. Neno la kanisani na neno la wazee ni moja. Yule mama aliyekataa Lubaga alikuwa kiti cha nyuma yao. Alisikia, hakusema kitu.

Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300 na sitazieleza zote. Tulikula Makambako, baridi ikawa kali, wazee wakaanza kulalamikia miguu. Hapo nilijifunza jambo ambalo yeyote anayepanga safari ya watu wazima anapaswa kulijua mapema: mzee haombi gari lisimame. Atavumilia mpaka aumie. Ratiba yangu ilikuwa na vituo viwili tu vya kushuka njia nzima. Mama mmoja mwenye sukari alifika Iringa miguu imevimba, na kosa lilikuwa langu. Kuanzia siku ya pili tulisimama kila baada ya saa moja na nusu, nikafuta vituo viwili vya kuangalia, na hakuna aliyelalamika. Isimila, zilikookotwa zana za mawe za watu wa kale sana, tuliishia kuiona kwa mbali. Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, hatukupanda kabisa.

Muda wetu tuliupeleka Kalenga.

Kabla ya kufika nilikuwa sijui kwamba jina Iringa lenyewe ni ngome. Linatokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana hiyo. Na lilinga lenyewe halikuwa pale mjini penye soko na stendi. Lilikuwa Kalenga, bondeni kando ya Ruaha Mdogo, Mkwawa alikojenga ukuta wa mawe kuzunguka makao yake. Wajerumani walipoivunja Kalenga mwezi Oktoba 1894, walihamishia utawala wao kilimani, na mji mpya ukabeba jina la ule walioubomoa. Watu wanaosema wanaishi Iringa wanataja kila siku ngome ambayo haipo.

Maana ukuta haupo. Hili liwafikie mapema wanaopanga kwenda wakitarajia kuona mnara na lango kubwa kama kwenye picha za Ulaya: Kalenga utakuta kijiji, mahindi, nyumba ndogo ya makumbusho, makaburi ya ukoo, na hapa na pale mabaki ya ukuta ambayo usipoonyeshwa utayapita. Baadhi yetu walivunjika moyo waziwazi. "Ndiyo hii?" Kijana mtunzaji, ambaye bila shaka amelisikia swali hilo mara nyingi, hakukasirika. Alituvusha upande mmoja, akaonyesha kilima ng'ambo ya bonde, akasema kule ni Tosamaganga, na wenyeji hueleza jina hilo kuwa ni kutupa mawe, kwa sababu ya mizinga iliyoelekezwa huku kutokea kule. Tukasimama pale tunapima kwa macho umbali kati ya kilima na mahindi. Hapo tu ndipo ngome ilipoonekana. Nilielewa kwa nini iliangushwa: ukuta wa mawe unazuia mkuki, unazuia hata bunduki, lakini mzinga unaanguka ndani.

Kisha tukaingia kuona fuvu la Mkwawa.

Wengi mnajua habari zake. Mwezi Agosti 1891, tarehe 17, Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa alipigana vita ya msituni karibu miaka minne, na Wajerumani wakaweka dau la rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa kule Mlambalasi, alijipiga risasi. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Miaka 21 baadaye kikatajwa ndani ya Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka zaidi ya miaka 30. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, fuvu likachaguliwa kati ya mengi, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadaye aliliongoza Bunge letu kama Spika.

Nilikuwa nimeyasoma hayo yote na nilikuwa nimejiandaa kuyaeleza. Lakini sikupata nafasi, kwa sababu mweka hazina wetu, mama ambaye amewaosha na kuwavisha marehemu wengi wa kikundi chetu kwa mikono yake, alisogea mbele ya kioo, akaangalia kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini: "Na huyu alizikwa lini?"

Mtunzaji akasema mwili uko Mlambalasi, na kichwa ndicho hiki.

"Kwa hiyo bado."

Hakuna aliyemjibu. Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha, akanigeukia. "Katibu, utaratibu wetu tunaujua. Tukifika msibani hatuondoki mikono mitupu." Tukachanga palepale, kila mtu alichonacho. Tulikuwa tumeshalipa kiingilio. Hii ilikuwa rambirambi. Yule kijana alipoelewa tunachofanya aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema "Kamwene," salamu ya Kihehe, na akatuletea daftari la wageni tuandike. Nikaandika jina la kikundi na neno moja: rambirambi. Mzee wetu mmoja Mwislamu akasoma dua. Wamoravian wakaimba ubeti mmoja. Kwa miaka yote niliyokuwa kwenye kikundi sikuwahi kuona tunafanya kazi yetu vizuri namna ile.

Jioni tulikwenda Tosamaganga. Barabara inapanda, miti mirefu, halafu kanisa la matofali linatokea na uzuri wake wa kutuliza moyo. Wabenediktini walianzisha misheni hiyo mwishoni mwa miaka ya 1890, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wakonsolata kutoka Italia wakaichukua. Ina shule ambayo imesomesha viongozi wengi wa nchi hii, ina hospitali. Wakatoliki wetu wanne walipiga magoti, nasi tukakaa kimya nyuma yao. Mimi ni Mluteri, lakini nasema bila kusita kwamba pale nilisali kuliko nilivyowahi kusali siku nyingi. Na huku nasali nilikuwa najua kwamba kilima hiki ndicho kilichotazama Kalenga ikiungua. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani, na sikulazimisha mojawapo liondoke. Tata alikuwa ameweka kiganja ukutani. Nilipomuuliza akasema anatafuta alama ya vidole. Baba yake alifyatua matofali ya misheni ujanani mwake, huku kwetu, na alikuwa akisema tofali linalotolewa kwenye kalibu bado bichi hubaki na mkono wa aliyelibeba. Hatukuipata. Lakini tuliondoka sote tukipapasa kuta.

Kesho yake tulikwenda Lugalo, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro. Pana mnara wa ukumbusho uliojengwa na Wajerumani kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Mabasi yanapita kwa kasi, wasafiri hawageuzi hata shingo. Wanaume wetu walifurahi, maana ni mahali pa ushindi. Wakaanza kuigiza shambulio, nani alijificha wapi. Mzee wetu Mwislamu akasubiri watulie, kisha akasema babu yake alikuwa mpagazi kwenye misafara ya Wajerumani, akitokea pwani. Askari waliokufa hapa wengi walikuwa Waafrika, Wasudani na wengine walioletwa kutoka kusini, na pamoja nao walikufa wapagazi waliobeba mizigo tu. "Wajerumani wana mnara. Wahehe wana ushindi. Wale waliobeba masanduku wana nini?" Hakusema kwa hasira. Tukasoma dua hapo pia, ya pili, kwa wapagazi. Kama mnapanga safari ya namna hii, sahauni kumtafuta mtaalamu mmoja wa kueleza kila kitu. Angalieni kwanza mmebeba nani kwenye gari. Watu tuliokaa nao misibani miaka 15 walikuwa na habari ambazo hatukuwahi kuwauliza.

Njia ya kwenda Songea kupitia Njombe ni nzuri, lakini nakimbilia Peramiho, kilomita 24 hivi kutoka mjini Songea. Hapo wale waliovunjwa moyo na Kalenga walipata walichokuwa wanakitaka: kanisa kubwa la abasia lenye minara, watawa wakiingia kwa mistari kusali, karakana, kiwanda cha uchapaji, hospitali. Cassian Spiss aliianzisha misheni hii mwaka 1898, na akiwa askofu aliuawa na wapiganaji wa Majimaji mwezi Agosti 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka Kilwa. Wiki chache baadaye Peramiho yenyewe ikachomwa.

Safari hii hatukusubiri Tata avue kofia. Yule mama aliyekataa Lubaga ndiye aliyeuliza: "Na hapa palikuwa na nini kabla?"

Jibu lilikuja, na lilikuwa zito. Karibu na hapo, Maposeni, Chifu Mputa Gama wa Wangoni alikuwa na kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya wazee wake, alikoomba. Padri mmoja wa misheni alikichoma moto. Vita ilipofika kusini, Wangoni wakalichoma kanisa. Kisha Wajerumani wakachoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, Mputa na wenzake walinyongwa. Wanahesabiwa 67 pamoja na Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, aliyezikwa peke yake na ambaye kichwa chake kinasemwa kilipelekwa Ujerumani. Wengi wao walibatizwa na padri kabla ya kupandishwa kwenye kitanzi.

Mama alikaa chini kwenye ngazi za kanisa. "Walianza kuchoma wao," akasema. Akarudia. Yeye ni mtu wa maombi, anafunga kila Ijumaa, na mumewe ni mzee wa kanisa. Sikumwambia neno. Nilikaa karibu naye mpaka kengele ya sala ikalia, tukasikiliza watawa Waafrika wakiimba zaburi kwa Kiswahili ndani ya nyumba ile kubwa. Uimbaji ule ulikuwa mzuri na wa kweli. Watu wale wameifanya nyumba ile kuwa yao, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya.

Kwenye makumbusho ya Majimaji, pale Songea, tulifanya kama Kalenga: bahasha, dua, ubeti. Tuliambiwa kuhusu Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika mahali hapo akaomba radhi kwa waliyotendewa mababu. Mweka hazina alitaka kujua kama alikuja na kichwa cha Songea. Hakuja nacho. "Basi msiba haujaanuliwa," akasema, na wote tulielewa, maana turubai huwa hatuling'oi mpaka marehemu awe amelala.

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, nilimwendea Tata nikamwomba msamaha kwa ule mstari wa kalamu. Nilimwambia nilimuogopa mtu mmoja nikamkosea mwingine, na kwamba nimewapeleka watu kilomita mamia kuuliza palikuwa na nini kabla, huku nimeifuta sehemu ya kwetu ambayo jibu lake lipo. Akacheka kwa upole, akasema Lubaga haijahama.

Akanieleza mpaka saa nne usiku. Kwamba Lwembe na ndugu zake, kwa masimulizi ya wazee, walishuka kutoka Ukinga wakileta moto, ng'ombe na chuma. Kwamba aliyerithi jina la Lwembe aliishi ametengwa, na kazi yake ilikuwa mwili wake: akiwa na afya, mvua inanyesha na ng'ombe wanazaa. Akidhoofika hakuachwa afe mwenyewe. Makuhani walimziba pumzi, wakamzika hapo msituni, na nywele na kucha zake zilishachukuliwa akiwa hai zikafukiwa kwenye tope ili ardhi isipoteze rutuba. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika mengi ya hayo. Tata aliyasikia kwa bibi yake kabla hajajua kuna mtu aliyeandika. Nikamuuliza kama yeye, Mmoravian wa kubatizwa, haogopi pale. Akasema anaogopa, kama anavyoogopa kuingia kanisani amevaa viatu vyenye tope.

Tuliporudi nikapeleka jambo hilo mkutanoni tena. Sikuliweka kwenye ratiba, niliuliza tu nani angependa. Walijitokeza tisa. Yule mama akiwa wa nne kunyoosha mkono.

Hatukwenda na Kosta. Tata alisema kwanza aende yeye na mimi tukaombe njia, ndivyo inavyofanyika. Mzee anayeuangalia msitu alitupokea nyumbani kwake, chini ya migomba, akatupa chai na ndizi za kuchemsha. Hakutuonyesha chochote. Aliuliza ukoo wangu, akauliza babu yangu alilima wapi, akataja jina la bibi yangu ambalo sikuwahi kulisikia nje ya familia. Miti ilionekana kutokea tulipokaa, myeusi kwa ukungu, na nilijizuia kutoa simu kupiga picha.

Mwisho akasema siyo sasa. Turudi mpunga ukishavunwa, na mimi nisije peke yangu, nije na shangazi yangu mkubwa, kwa sababu kuna mambo ya ukoo wetu ambayo yeye ndiye wa kuulizwa. Shangazi yuko Kyela, ana miaka 80 na zaidi, na magoti yake hayapandi milima. Nimempigia jana. Amesema nimtafutie gari linalosimama mara kwa mara.